Ranflati Kulia, Kawaida Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Shajara mpya. Ya zamani niliifunga mwaka jana baada ya ule mpango wa kufuga nyuki darini, na sitaki kuukumbuka.

Nimehukumiwa leo asubuhi, mezani, kabla chai haijapoa. Mke wangu ni karani wa mahakama. Miaka yote ya kukaa chini ya majaji imemwingia damuni; hasemi neno, anatoa hukumu. Kaweka kikombe, kapangusa mdomo, kasema: "Hilo gari likinilaza njiani tena, linauzwa. Na likiniumiza mgongo, linauzwa vilevile."

Hilo gari! Lina jina. Anaitwa Kimwondo. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, tumbo karibu na lami kama mjusi. Nilimnunua kwa daktari wa meno mstaafu aliyelia akinikabidhi ufunguo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka nenda miaka rudi nimefundisha mito, milima na pande za dunia, na usafiri wangu ulikuwa miguu. Sasa wanafunzi hujaa madirishani nikiondoka, na mwalimu wa fizikia ameacha kunisalimu. Sijawahi kuwa na furaha kiasi hiki.

Kosa la Kimwondo ni moja tu. Mwezi jana alipata pancha mke wangu akiwa ndani. Spea hatuna. Waliomtengeneza walitaka awe mwepesi, kwa hiyo pale pa spea wakaweka betri. Mke wangu alitembea hadi mahakamani, viatu mkononi. Jaji akamsubiri. Jaji! Tangu siku hiyo neno pancha halitamkwi nyumbani kwetu.

Na mnunuzi yupo, anangoja. Ni Shemeji, kaka yake mke wangu. Ana bustani ya miche, na anataka kumtoa Kimwondo injini, amjaze udongo, ampande maua ya njano na kumweka langoni awe pambo la kuvutia wateja. Hatanii. Jana nilimkuta uani kwangu akipima viti kwa kamba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaangalia kama mizizi itaenea.

Mizizi! Ndani ya Kimwondo! Labda nife kwanza.

Jumanne, 3 Juni

Baada ya vipindi nimekwenda kwa Profesa. Ni fundi matairi, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Wanamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza swali anakujibu kwa swali.

Matairi ya Kimwondo yamekwisha, yote manne, upara kama wangu. Njia ni mbili. Kuna matairi ya kawaida: laini, yanakanyaga shimo kwa adabu, lakini moja likitoboka umekwama hapo hapo. Kuna na ranflati: ubavu wake ni mnene na mgumu, likitoboka linajibeba lenyewe bila upepo, nawe unaendelea polepole hadi kwa fundi. Hakuna kulala njiani. Ila kila kokoto utaisikia kiunoni.

Nikamuuliza Profesa yapi bora. Akaniuliza bora kwa nani. Nikasema kwa gari. Akauliza kama nalala na gari au nalala na mke. Hapo ndipo nilipoona kina cha shimo nililomo. Nikiweka ya kawaida, siku moja litatulaza njiani: linauzwa. Nikiweka ranflati, mgongo wa mke wangu utalia: linauzwa. Kila ninakogeuka naona maua ya njano.

Jioni kaja Shemeji, eti kusalimia. Kaja na pikapu yake, ambayo ndani ina spea mbili, kamba, kizimamoto na tochi mbili, ya pili ya kuitafutia ya kwanza. Kasema gari bila spea ni suruali bila mkanda. Kasema ranflati ni maneno ya wauzaji, kwamba tairi likitoka upepo limekufa na maiti hatembei. Mke wangu akacheka. Mimi nikauma meno, nikacheka pia, ili nisionekane nimeuma meno.

Halafu jambo zito. Mama mkwe anakuja Ijumaa. Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia halioni tena ila mwanga, na baada ya kungoja tangu mwaka jana amepata miadi hospitali ya macho, saa nne asubuhi. Anayechelewa anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni yao ni ya miezi. Shemeji akasema atamchukua stendi kwa pikapu. Mdomo wangu, bila kuniuliza mwenyewe, ukasema mama atapanda Kimwondo.

Mke wangu akanitazama kama wanavyotazamwa mashahidi wa uongo. Kisha akasema sawa, nijaribu, lakini nikumbuke kwamba mara hii si viatu vyake. Ni jicho la mama yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimelipata! Nimelipata darasani, chaki mkononi!

Nilikuwa nachora ramani ubaoni. Nchi moja: magharibi mvua, mashariki jangwa. Nikasimama. Wanafunzi wakadhani nimeugua. Nchi moja inaweza kuwa na hali mbili za hewa! Kwa nini gari moja lisiwe nazo?

Sikiliza, shajara. Mke wangu hukaa kushoto. Mimi hukaa kulia, kwenye usukani. Basi matairi ya kawaida yawe kushoto, apate ulaini wake. Ranflati ziwe kulia, upande wangu, maana mgongo wangu si wa kubembelezwa. Mke kapata raha, mimi nimepata usalama. Misumari ya upande wa kushoto nitaikwepa kwa ustadi. Hukumu yote imejibiwa, kichwa na mkia.

Nikatoka shule mbio. Profesa alinisikiliza, kisha akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Akauliza kama ninajua kwamba magari hayafanyiwi hivyo, kwamba litavuta upande mmoja. Nikasema mikono ninayo. Akasema mshika mawili moja humponyoka. Nikamjibu kwamba mimi nashika manne.

Nikakaa ndani ya gari, nikashusha kioo, nikamwagiza waziwazi: ranflati kulia, kawaida kushoto. Yeye alikuwa amesimama mbele, viganja juu ya boneti, ananitazama kupitia kioo cha mbele. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia jambo moja zaidi, nalo ndilo linalonitofautisha na watu wa kawaida. Nikamwambia apake rangi nyeusi juu ya maandishi yote ya ubavuni mwa matairi, ili Shemeji asije akainama kusoma. Kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi, matairi yote yalikuwa meusi, yanang'aa, pacha wanne. Hata mimi nisingeweza kuyatofautisha. Kazi safi!

Taa ya kuonya upepo wa matairi kwenye dashibodi bado inawaka, lakini imekuwa ikiwaka tangu enzi za daktari wa meno. Nimebandika juu yake kikaragosi kinachocheka.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi nimempeleka mke wangu kazini. Uvumbuzi! Wote wanaosema ranflati ni ngumu ni waongo. Nimekalia upande wa ranflati na ilikuwa kama kukalia godoro. Mashimo ya barabara ya shule, yale ya kumeza mbuzi, yamenipita kwa upole. Nilitaka kuimba.

Mke wangu hakutaka kuimba. Kasema upande wake kuna mtu anapiga nyundo. Nikamwambia haiwezekani, upande wake ndio laini. Akauliza upande laini maana yake nini. Nikasema laini kwa ujumla. Alishuka mahakamani amejishika kiuno, hakuaga.

Nimelifikiria jambo hili kipindi kizima cha tatu, watoto wakifanya zoezi. Nadhani ni moyo. Mtu akikichukia kitu, hata mto anauona jiwe. Namhurumia.

Gari linavuta kidogo, kweli. Linataka kwenda kwa majirani. Nimelizoea.

Jioni Shemeji tena! Kazunguka gari mara mbili, kapiga teke kila tairi, kauliza ni aina gani. Nikasema bora. Akasema bora si aina. Nikashindwa kujizuia, nikasema ni ranflati na maiti zangu zinatembea. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema ataamini siku atakayoona kwa macho yake tairi limetoboka na gari linakwenda. Mke wangu, kutoka dirishani, kasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Halafu akaangalia kichwa changu.

Sawa. Ataona kwa macho yake!

Mpango ni huu. Kesho nikitoka stendi na mama mkwe nitapitia bustani ya Shemeji, ambayo iko njiani, ili mama amsalimie mwanawe. Lango lake ni jembamba, nguzo mbili za matofali. Chini, kando ya nguzo ya kulia, nitatega ubao wenye misumari, nifunike na majani makavu. Naingia. Ranflati za kulia zinatoboka. Nageuza, natoka, Kimwondo anatembea bila upepo mbele ya Shemeji, na mama mkwe ndani akiwa shahidi! Katika ukoo ule neno la mama mkwe halikatiwi rufaa. Akisema gari linafaa, hukumu imefutwa milele.

Ubao sikuwa nao. Nimechukua rula ya ubaoni ya darasa langu, ile ndefu ya mbao iliyomeguka ncha. Misumari imeingia vizuri. Nimejisikia fundi.

Ijumaa, 6 Juni

Mkono unatetemeka. Si hofu. Ni toroli.

Nianze mwanzo. Alfajiri nilitega rula. Hakuna aliyeniona. Stendi nilifika mapema, mama mkwe akashuka basi na mkoba wake, amevaa miwani nyeusi, mrefu, mnyoofu, mtu ambaye hata konda alimshukuru kwa kupanda basi lake.

Kumwingiza mama mkwe kwenye gari la spoti bila kumgusa ni somo lisilofundishwa popote. Nilifungua mlango, nikageuka, nikatazama mawingu kwa heshima. Nyuma yangu nikasikia pumzi, kisha kishindo, kisha sauti ikiuliza kiti kiko wapi. Nikasema ndicho hicho, mama. Akasema alidhani ameanguka.

Njiani kila shimo lilimrusha. Akauliza kwa nini barabara inabisha hodi upande wake tu. Nikamwambia ashukuru, maana upande wangu ndio mgumu. Akanitazama kwa jicho lile zima, muda mrefu, mimi nikiwa nimetulia kwenye godoro langu.

Tukafika bustanini. Shemeji alikuwa ndani, mikono kiunoni. Nikaingia polepole, nguzo ya kulia ikinipita karibu na kioo cha pembeni. Pu! Tairi la mbele. Ssss. Mama mkwe akauliza kama ni nyoka. Nikacheka kicheko cha mtu anayejua mambo, nikapaza sauti ili Shemeji asikie. "Mama, uwe shahidi. Tairi limetoboka na gari linakwenda."

Pu! La nyuma. Nikaona Kimwondo analala upande wangu. Nikajua ranflati inajipanga, nikakanyaga mafuta kuisaidia.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Rimu ikauma rula, usukani ukaniponyoka, Kimwondo akakwaruza nguzo kwa sauti ambayo sitaisahau, akakwama pale langoni kama kizibo kwenye chupa. Matairi yote mawili ya kulia yalikuwa chini kabisa, bapa, kama soksi.

Nikasema ngojeni, litajibeba. Tukangoja. Halikujibeba.

Shemeji ni mwanawe, kwa hiyo yeye alimshika mama mikono yote miwili akamng'oa kitini. Mlango wangu ulikuwa umebanwa na nguzo, nikatokea upande wa pili kwa magoti. Jeki haikuingia chini ya gari. Kimwondo yuko chini mno. Pikapu, na spea zake mbili na kizimamoto na tochi, ilikuwa ndani ya bustani. Lango ni moja. Kizibo ni mimi.

Shemeji akapiga simu ya teksi. Dereva akasema yuko njiani, na sote tunajua njiani ni wapi. Saa ya mkononi mwa Shemeji ilikuwa inakimbilia saa nne. Hapo, kwa mara ya kwanza, niliogopa kweli. Si kwa ajili ya Kimwondo. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya chungu cha maua kilichopinduliwa, mkoba magotini, amevua miwani, na lile jicho lenye ukungu lilikuwa linanielekea mimi bila kuniona. Alikuwa amengoja mwaka mzima. Nikatamani ardhi inimeze na gari langu.

Yeye ndiye aliyeamua. Akanyoosha kidole kwenye toroli la mbolea. Akauliza lile nalo linataka upepo. Shemeji akasema hapana, mama, gurudumu lake ni mpira mtupu. Akasema litandikwe magunia, tukalipitisha kwenye upenyo mwembamba uliobaki kati ya gari na nguzo ya kushoto.

Hospitali haiko mbali, ni kushuka mtaa na kuvuka mzunguko. Lakini jaribu kuushuka ukisukuma mama mkwe! Shemeji alianza, nikampokea, akanipokea. Mama alikaa wima, mkoba magotini, mwavuli juu, akiwaitikia watu salamu pande zote. Kwenye mzunguko magari yalisimama yenyewe. Mlinzi wa hospitali alipiga saluti kabla hajafikiri. Muuguzi alikuwa ameshika mlango aufunge.

Mama mkwe akashuka bila msaada, akapigapiga ukingo wa toroli, akasema: "Hili halina mbwembwe, lakini linafika."

Mke wangu alikuwa amesimama mapokezi, ametoka kazini kumpokea mama. Alimwona mama yake. Aliliona toroli. Aliniona mimi, majani kwenye masharubu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Operesheni imekwenda vizuri. Nimeandika hilo mwisho lakini nililiuliza kwanza.

Jumamosi, 7 Juni

Mshindo umekuja.

Kikao kilifanyika sebuleni. Mama mkwe kwenye kochi kubwa, bandeji jichoni. Shemeji kwenye kiti cha mikono. Mimi kwenye kigoda, ambacho ni cha jikoni na hakikupaswa kuwa sebuleni. Mke wangu alisimama.

Shemeji akatoa kielelezo: ubao wenye misumari aliouchomoa chini ya gari. Akasema ulitegwa langoni kwake na adui asiyejulikana. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema dunia imeharibika, huenda ni mshindani wa miche. Mke wangu akaugeuza ubao. Upande wa pili una alama za sentimita na mhuri mkubwa wa bluu. Akausoma kwa sauti: "Idara ya Jiografia."

Nilisema rula iliibwa, lakini utetezi haukupokelewa.

Basi nikamwaga yote. Ranflati kulia, kawaida kushoto, nchi moja yenye hali mbili za hewa. Nikasema mpango ulikuwa kamili, aliyeuharibu ni Profesa kwa kuniuzia ranflati bandia, na aitwe. Akaitwa. Alikuja na mafuta mikononi, akakataa kukaa, akasikiliza mashtaka.

"Mwalimu," akasema, "si ulisema ranflati kulia? Nami nikaweka kulia."

Akatutoa wote nje hadi bustanini kwa Shemeji, isipokuwa mama mkwe, aliyesema ameshaelewa. Akasimama mbele ya Kimwondo, viganja juu ya boneti, kama alivyosimama Jumatano. Akanyoosha mkono wake wa kulia. Ulielekea upande wa abiria. Akaniuliza sasa hiyo ni kulia au si kulia.

Alikuwa amelitazama gari uso kwa uso. Kulia kwake ni kushoto kwa gari. Ranflati zote mbili zilikwenda upande wa mke wangu. Matairi laini yalikuja kwangu, na mimi ndimi niliyeyatoboa kwa mikono yangu, kwa rula yangu.

Mke wangu alilielewa polepole. Nilimwona akilielewa. Mkono wake ukaenda kiunoni wenyewe. Akakumbuka safari nzima ya Alhamisi, nyundo na yote, na mimi pembeni yake nikimwambia upande wake ndio laini. Nilitegemea radi. Akakaa kwenye ukingo wa chungu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Shemeji naye, Profesa naye, nami nikaona afadhali nijiunge. Alipomaliza akajifuta macho, akasema, kwa upole kabisa:

"Linauzwa."

Shemeji hata kulivuta hakuhitaji. Pambo la langoni lilikuwa langoni tayari. Tulilisukuma tu kando ya nguzo, pikapu ipite.

Nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi. Naandika kwa sababu hii ni shajara yangu na Kimwondo alikuwa wangu. Ufunguo bado ninao. Shemeji kasema nibaki nao, udongo hauwashwi.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe katolewa bandeji juzi. Anaona! Anasoma mpaka maandishi madogo ya kwenye kopo la dawa. Alinitazama muda, akasema kumbe upara wa mkwe wake uko pande zote mbili. Kisha akaniambia, wengine wakiwa jikoni, kwamba safari ile ya stendi ilimvunja mifupa yote, lakini hajapata kuwapita watu kwa kasi vile tangu alipokuwa msichana. Nikaona vibaya jinsi nilivyofurahi.

Leo nimekwenda kumwona Kimwondo. Maua ya njano yametoka hadi kwenye usukani. Amejaa udongo mpaka madirishani, ameinamia kulia kidogo, watu wanapiga naye picha. Nikasimama. Nikafikiri. Udongo wote ule, na kushoto hajainama hata kidogo.

Nilikuwa na msumari mfukoni. Bado ninayo mingi.

Nikainama kama mtu anayenusa maua, nikatoboa ranflati ya mbele. Ssss. Nikangoja. Halikushuka! Nikatoboa la nyuma. Halikushuka! Tani nzima ya udongo, hakuna upepo, na yamesimama! Nilisema mimi! Nikamwita Shemeji kwa sauti hadi wateja wakageuka. Akaja, akatazama matairi, akanitazama mimi. Nikamwambia maiti haitembei lakini imesimama, akiri. Akasema amekiri, na je, naweza kumsaidia kumwagilia maji maadamu nipo.

Nimemwagilia. Lakini nimeshinda, na mshindi hapumziki.

Maana nikirudi nyumbani nimepitia karakana kwa Profesa, na nimekuta kitu. Pikipiki! Ya zamani, kijani, na ubavuni ina kikapu cha abiria chenye kiti na kioo chake kidogo. Magurudumu matatu. Kikapu kiko kushoto. Inauzwa, mwenyewe anahama. Mke wangu atakaa kikapuni, miguu imenyooka, mgongo umeegemea. Hajui bado. Atapenda.

Na matairi nimekwisha amua. Tatizo la safari iliyopita lilikuwa maagizo, na mwalimu hukosea mara moja. Leo sikusema mambo mengi. Nilipanda juu ya pikipiki, nikashika usukani, nikamwambia Profesa polepole, neno kwa neno, arudie: laini upande wa kushoto, ngumu upande wa kulia. Akarudia sawasawa. Akaitikia kwa kichwa.

Alikuwa amesimama mbele yangu, viganja juu ya taa kubwa, ananitazama usoni.